Kariakoo askari kanzu ajifiche wapi?

WAINGEREZA walisubiri miaka 21 kuona muendelezo wa filamu ya I.D. Ya kwanza ilitoka 1995, ya pili, ID2: Shadwell Army, ikaja 2016. Stori ni ile ile: polisi anavaa kiraia, anajichanganya na mashabiki wakorofi wa Shadwell, timu ya kubuni, anakunywa nao na kupigana nao ili mwisho awafikishe kwa pilato.

Haikutoka hewani. James Bannon, askari wa London, alijipenyeza kwa mashabiki wa Millwall mwishoni mwa miaka ya 1980. Hali kule ilikuwa mbaya. Mwaka 1985 watu 39 walikufa Heysel, Ubelgiji, kwenye fainali ya Liverpool na Juventus, klabu za England zikafungiwa Ulaya.

Sasa ilete filamu hiyo Kariakoo uone kama haitakwama dakika ya kwanza!

Kutoka Msimbazi kwa Simba hadi Jangwani kwa Yanga ni mwendo wa miguu tu. Askari kanzu wako atajifunza nini pale? Nyimbo anazijua, tambo anazijua, maana alikuwa Simba au Yanga kabla hajawa polisi. Muuza jezi nyekundu na muuza jezi za njano wanabanana kijiwe kimoja. Mchana wanatupiana vijembe, jioni wanagombea daladala moja. Ni watani, siyo maadui.

Lakini tusijidanganye. Oktoba 1, 2016, Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Simba walidai aliunawa mpira. Jonas Mkude akala nyekundu, viti vikang'olewa. Mechi iliisha 1-1, Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia Uwanja wa Taifa.

Desemba 15, 2024 ikawa zamu ya wageni. Kibu Denis aliimaliza CS Sfaxien ya Tunisia 2-1 dakika za nyongeza, vurugu zikaacha viti 256 vimevunjika kwa Mkapa. CAF ikaifanya Simba icheze na CS Constantine bila mashabiki.

Halafu wapo makomandoo. Hawa ndio wanaojipa kazi ya kulinda geti na vyumba vya timu, na kumtimua yeyote wanayemhisi analeta hujuma. Machi 7, 2025, Simba walifika kwa Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, wakasema wamezuiwa na watu wa Yanga. Kesho yake dabi haikuchezwa. Shabiki aliyepanda basi kutoka mkoani alirudi na tiketi yake mfukoni. Mechi ilikuja kupigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Shadwell. Polisi wa kwenye filamu alitumwa kwa sababu vinara walikuwa wamejificha. Wa kwetu wanasimama getini mchana kweupe, sura zao zinajulikana, mitaa yao inajulikana, na picha zao wanapiga wenyewe.

Kwa hiyo hatuhitaji mpelelezi wa kuigiza. Tunahitaji mtu wa kuwaambia geti ni la uwanja, si la klabu, na klabu zenyewe ziache kuwapa nafasi. Vinginevyo, muendelezo wa sinema yetu hautasubiri miaka 21. Utasubiri dabi ijayo tu.