Mdhamini si Shahidi

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Katika vitongoji vya Nairobi, matanga hayo aghalabu huwafika watu ambao hata harusi yenyewe hawakualikwa.

Mama anayenishonea nguo ana kibanda chake Kawangware, si mbali na kituo cha 46. Januari moja, wakati wazazi wanapopiga foleni kushonesha sare za shule, vijana wawili waliotumwa na mkopeshaji walifika kwa gari, wakaichukua cherehani yake. Yeye hakuwa amekopa hata senti moja. Aliyekopa ni jirani yake, naye fundi alikuwa ametia sahihi katika fomu mahali palipoandikwa "mdhamini".

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nilidhani ni shahidi tu. Niliambiwa nionyeshe kwamba namjua."

Nimefundisha isimu chuoni kwa miaka mingi, lakini siku hiyo nilitahayari. "Deni", "rehani" na "dhamana" ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na katika asili yake kila moja lina mpaka wake. Rehani ni kitu anachowekewa mdai. Dhamana ni mtu kujitwika deni la mwenziwe. Leo mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana, waziri hupewa dhamana ya wizara, na hati ya shamba huwekwa dhamana benki. Neno lililotanuka kiasi hicho ndilo tunalompa mshonaji alitilie sahihi akiwa amesimama, wateja wakimngoja.

Basi na tuseme waziwazi: mdhamini ni mtu aliyekubali kulipa mkopaji akishindwa. Hata hivyo, kudaiwa ni jambo moja na kunyang'anywa ni jingine. Mdai asiyewekewa rehani hana budi kwenda mahakamani na kupata hukumu. Hukumu isipotekelezwa, ndipo mahakama humtuma dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Dalali huyo huorodhesha mali, hukadiria thamani yake, na humpa mwenyewe ilani ya maandishi ya siku 7 aikomboe kabla haijanadiwa. Wale vijana wa Kawangware hawakuwa na hukumu, hati wala leseni. Walikuwa na gari tu.

Hata huyo dalali halali hana ruhusa ya kubeba kila anachokiona. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, yaani Sura ya 21 ya sheria za Kenya, kimeviweka kando vitu kadhaa: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na zana anazozihitaji kwa kazi yake. Mwalimu unayesoma makala haya, jua pia kuwa thuluthi mbili za mshahara wako zimekingwa na kifungu hicho hicho.

Kinga hii ina tundu moja, na ni kalamu yako inayolitoboa. Ukiandika katika mkataba kwamba cherehani yenyewe ndiyo rehani ya mkopo, umeitoa kwa hiari yako. Tangu Sheria ya mwaka 2017 kuhusu haki za dhamana katika mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuisajili haki yake juu ya kitu kama hicho. Kwa hiyo soma kabla ya kutia sahihi, na uulize: je, naahidi kulipa, au natoa kitu fulani?

Ujinga wa sheria huponza hata mjanja. Kibera, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, namfahamu seremala aliyekuwa na mashine ya kusaga unga. Madeni yalipomzidi, aliiandikisha mashine kwa jina la shemeji yake, kisha akazificha randa na misumeno yake uvunguni mwa kitanda. Alikosea pande zote mbili. Kifungu hicho cha 44 kinasema kuwa mali ya mdaiwa hukamatwa hata ikiwa imeshikwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Zana alizozificha ndizo sheria ilizokuwa imekwisha kumlindia. Juma zima alikaa bila kazi, akilinda kilicholindwa.

Wenye mapesa hawaingii chini ya kitanda. Wao huunda kampuni mapema, kabla ya kukopa, ili deni la kampuni lisiwe deni la mtu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 humruhusu hata mtu mmoja kufanya hivyo. Lakini kampuni hutakiwa kupeleka ritani za kodi kila mwaka, ipate faida isipate, na wakopeshaji wengi humtaka mwenye kampuni ndogo aidhamini yeye mwenyewe. Neno letu linarudi tena.

Sisemi watu wakwepe madeni. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini fundi asiye na cherehani atalipa kwa nini?

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini urasmi huo haujafika katika fomu za mikopo. Walimu wenzangu, tunatafuta vifungu vya ufahamu vitabuni kila muhula. Chukueni fomu moja ya mkopo, futeni majina, muilete darasani. Mwanafunzi aeleze tofauti ya shahidi, mdhamini na mweka rehani. Jioni atakwenda nyumbani, na huenda mama yake ana fomu kama hiyo mkobani.

Yule fundi tulimwandikia mkopeshaji barua yenye kurasa mbili, tukitaja sheria. Cherehani ilirudishwa baada ya majuma matatu. Wakati huo sare zilikuwa zimekwisha kushonwa kwingine, na deni la jirani bado lilikuwa linamngoja.