Michezo: Muchezaji mwenye mawazo mengi anaumia haraka

Muchezaji akianguka na kushika goti, watu husema uwanja ni mubaya, ao mupinzani amemuchezea vibaya. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna sababu ingine ambayo mashabiki hawaioni: hali ya kichwa chake siku ile.

Mwaka 1988, watafiti Mark Andersen na Jean Williams walieleza namna jambo hilo linavyotokea. Mutu mwenye mashaka akiingia katika muchezo mugumu, misuli yake inakaza na macho yake hayaoni vizuri yanayotoka kando. Anachelewa kumuona anayekuja kumukaba, na muguu uliokaza haugeuki haraka.

Mawazo yanaondoa pia usingizi, na mwili usiolala hautoi uchovu wa jana. Utafiti mumoja wa Marekani juu ya vijana wanamichezo 112, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliolala chini ya saa 8 kila usiku walikuwa na hatari ya kuumia mara 1,7 zaidi ya wenzao.

Hata mabingwa wanapatwa. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Simone Biles wa Marekani alijiondoa katika fainali ya timu ya jimnastiki. Akiwa hewani, hakujua tena mwili wake uko wapi, na angeweza kuangukia shingo. Wengine walimulaumu. Mwaka 2024 huko Paris, alichukua medali 3 za zahabu na moja ya feza.

Kwa vijana wa Goma, Bukavu ao Bunia, jambo hili liko karibu. Kuna wanaocheza huku jamaa zao zimekimbia vita, wakilala kidogo na kula mara moja kwa siku. Kocha akiwapa mazoezi sawa na wenzao walioshiba, anawaweka hatarini bila kujua.

Kuwalinda hakuombi pesa nyingi. Kabla ya mazoezi, kocha aulize: umelala saa ngapi? Umekula? Kuna kinachokusumbua? Anayejibu vibaya apunguziwe muzigo, bila kuitwa muvivu. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yanasaidia pia kulinda magoti na vifundo vya miguu.

Na aliyeumia asirudishwe kwa sababu tu goti limepona. Akiwa bado anaogopa kukanyaga, hayuko tayari kucheza.