Paredi Ndani ya Sikio la Mpasua Mbao

Mpasua mbao wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, anayeshinda na mninga na mkurungu wa misitu ya miombo akitumia msumeno wa mnyororo, maarufu kama chenso, akiuliza kwa nini masikio yake huvuma jioni na kunyamaza asubuhi kana kwamba hakuna kilichoharibika, anastahili jibu linaloingia ndani kabisa ya sikio.

Kazi ya ngoma ya sikio na vifupa vyake vitatu imeelezwa katika vitabu vya shule na haina haja ya kurudiwa. Linalostaajabisha limo katika koklea, mrija uliojikunja kama gamba la konokono, wenye seli zipatazo 15,000, kila moja ikiwa na vinywele vilivyosimama kichwani. Jina lililozoeleka, "seli za nywele", halitoshelezi, kwa kuwa unywele wa kichwani ni kitu mfu kinachonyolewa kikaota tena, ilhali vinywele hivi ni sehemu hai ya seli, na seli yenyewe ikifa katika sikio la binadamu haizaliwi nyingine. Kwa kuwa vimejipanga pamoja mithili ya shungi la ndege, "seli-shungi" ni jina linalozifaa zaidi.

Shungi hilo lina mpangilio unaofanana na wanafunzi katika paredi ya asubuhi, wafupi wakiwa mbele na warefu nyuma. Mwaka 1984 James Pickles na wenzake nchini Uingereza walieleza nyuzi nyembamba mno zinazounganisha vinywele hivyo, kana kwamba kofia ya kila mwanafunzi mfupi imefungwa uzi uliopanda hadi begani mwa mrefu aliye nyuma yake. Sauti inapousukuma mstari mzima kuelekea kwa warefu, nyuzi hukazika, kofia zikafunuka kidogo, na chembe za potasiamu zenye chaji zikamiminika ndani ya seli, ambayo hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Mstari ukirudi upande wa wafupi, nyuzi hulegea na kofia hufunga. Mnong'ono huitikisa paredi kwa umbali usiozidi upana wa atomi chache, na hata hivyo husikika.

Injini ya chenso huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kelele yake ni dhoruba inayokata nyuzi na kuwalaza wanafunzi. Nyuzi zilizokatika huweza kufumwa upya ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo penye jibu la swali la fundi: nafuu ya asubuhi ni matengenezo, wala si ushahidi wa uzima. Dhoruba ikirudi kila siku, seli hufa, zikitangulia zile zinazopokea sauti nyembamba, ambazo ndizo hubeba konsonanti kama s na t. Fundi aliyefikia hapo husikia vema kuwa anasemeshwa, lakini "saa", "taa" na "kaa" humfikia zikiwa neno moja.

Kipimo cha kelele ni desibeli, na kiwango cha usalama kinachotumiwa sana ni 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 106, ambazo chenso huzifikia, muda huo haufiki dakika 4. Pamba iliyosokotwa sikioni haisaidii kitu cha maana.

Mtetemo wa chenso nao hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikiwa vyeupe na vyenye ganzi wakati wa baridi; na asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu za Kigoma ni za baridi. Mnyororo ulionolewa na mipira mizima kati ya mpini na injini hupunguza mtetemo huo.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye chenso anayemlipa kijana kwa siku ahesabiwe kuwa mwajiri, na kabla ya kununua petroli ya safari ijayo ya porini, anunue kwanza vifunika masikio.