Je, Wajua? Siasa Ina Damu, Lakini Damu Haitoshi

Kaniama, katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, kijana akifaulu masomo ya sekondari katika seksheni ya biochimie, yaani baolojia na kemia, ndugu huanza kumwita daktari kabla hata hajapata nafasi chuoni. Akisema anapenda siasa, huulizwa masomo yote yale alisoma ya nini. Kumbe ipo kazi inayoshika ncha zote mbili: ya mtaalamu wa sayansi ya siasa anayechunguza jinsi mwili na maumbile yanavyogusa utawala.

Je, wajua kazi hii ilianza na kosa?
Rudolf Kjellén (1864–1922), mwanazuoni wa siasa wa Sweden, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia jina biopolitiki, ambalo fani hii inalitumia pia. Katika kitabu chake cha 1916 aliieleza dola kama kiumbe hai. Baadaye wanasiasa wa Ujerumani walishikilia fikra za namna hiyo: ikiwa nchi ni kiumbe, basi ina haki ya kutanuka, na jirani yake akiliwa, hayo ni maumbile tu. Ndiyo maana anayeingia katika fani hii anapaswa kuogopa mifano mizuri kupita kiasi.

Je, wajua mtaalamu mmoja wa siasa aliwalazimisha wenye matrekta wangoje?
Lynton Keith Caldwell (1913–2006) alifundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Mwaka 1964 aliandika makala akiwataka wenzake waitazame sayansi ya viumbe kama suala la serikali. Hakuishia kwenye makala. Alisaidia kuandaa sheria ya mazingira ya Marekani ya 1969, na kutokana nayo likaja sharti kwamba mradi mkubwa wa serikali uchunguzwe athari zake kwanza, ndipo kazi ianze. Wazo hilo limezunguka dunia. Kenya inalo katika sheria ya 1999, Tanzania katika ya 2004, na Kongo katika sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011. Mwekezaji anayetaka kuchimba madini Haut-Lomami anakutana nalo kabla ya kushika sururu.

Je, wajua mzee dhaifu anaweza kumweka mkubwa madarakani?
Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, Mjapani Toshisada Nishida alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965. Miaka ya 1970 aliona madume wawili, Kasonta na Sobongo, wakigombea ukubwa wa kundi. Aliyeamua hakuwa mmoja wao. Alikuwa Kamemanfu, dume mzee asiye na nguvu za kutawala mwenyewe. Leo aliegemea huku, kesho kule, na kila aliyemhitaji ilimbidi ambembeleze. Ripoti ya Nishida ilitoka mwaka 1983. Ilifanana na jambo ambalo wataalamu wa siasa huliona bungeni: chama kidogo chenye viti vichache huweza kuchagua nani aunde serikali.

Je, wajua mto wa nyumbani unafika kwa jamaa wa tabia nyingine?
Mto Lomami, uliolipa jimbo jina, unaanzia karibu na Kamina na kushuka kaskazini hadi Mto Kongo. Mbali huko chini, katika msitu wenye Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyoanzishwa 2016, wanaishi bonobo, ambao duniani kote hawapatikani porini nje ya Kongo. Ni ndugu wa karibu wa sokwe wa Mahale, lakini kwao majike hushikamana, na dume mkorofi hurudishwa nyuma na kundi la akina mama. Kwa hiyo anayesema "maumbile yameamua mwanamume atawale" aulizwe kwanza: maumbile ya nani?

Je, wajua mate yanaweza kueleza kwa nini mtu hakupiga kura?
Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu, kisha wakatazama kumbukumbu za upigaji kura. Wenye kotisoli nyingi walikuwa wamepiga kura mara chache zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2005, John Alford, Carolyn Funk na John Hibbing walilinganisha mapacha wa Marekani na Australia. Waliona urithi wa kibaolojia una nguvu katika misimamo ya jumla ya mtu. Lakini chama anachokishabikia kilitokana zaidi na malezi.

Je, wajua Mamdani aliingia uwanja huu kwa kupinga?
Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala na kufundisha Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1979, aliandika kitabu cha 1972 juu ya mpango wa uzazi kijijini Punjab, India. Wataalamu walidhani wakulima hawakuelewa. Yeye akaonyesha kwamba walielewa vizuri: watoto wengi walikuwa nguvu kazi ya shamba. Mwaka 2001, katika kitabu juu ya mauaji ya Rwanda, alieleza jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyowageuza Wahutu na Watutsi kuwa kana kwamba ni mbari mbili, moja ya wenyeji, nyingine ya wageni, kisha ukaandika hayo kwenye vitambulisho.

Je, wajua Waluba walishalijadili zamani suala la damu na utawala?
Kwao, haki ya kutawala, *bulopwe*, ilikaa kwenye damu, na masimulizi yao huirudisha kwa Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Lakini mfalme alikuwa na wake wengi, kwa hiyo wana wenye damu hiyo walikuwa wengi pia. Mfalme akifa, walipigana, na kila mmoja alitegemea jamaa wa mama yake kumpa askari na chakula. Juu ya hapo walikuwapo *bambudye*, walinzi wa historia ya ufalme, waliosoma kumbukumbu zake kwenye ubao wa shanga uitwao *lukasa*. Damu ya baba ilimruhusu mtu kugombea. Kushinda kulitegemea wajomba.