Fueli ya Vinu vya Maji: Izikwe au Irudishwe? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba maji yana kazi mbili ndani ya kinu cha nyuklia: hupoza fueli, na hupunguza mwendo wa nyutroni ili zipasue atomu za urani 235. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayoamua fueli ikishatoka kinuni itafaa nini.

Fueli hiyo si majivu. Takriban asilimia 95 bado ni urani, 1 ni plutoni, na mabaki ya atomu zilizopasuka ni kama 4 tu. Finland imeamua kuizika jinsi ilivyo huko Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, katika mitungi ya shaba. Ufaransa huipeleka La Hague, ikayeyushwa kwa asidi na plutoni ikatengwa, kisha ikachanganywa na urani hafifu kuwa fueli iitwayo MOX. Fueli hii huipa nchi hiyo karibu asilimia 10 ya umeme wake wa nyuklia.

Ni faida ya kweli, ila wanaosema kwamba MOX imemaliza suala la taka wanakosea. Ikishatumika, kwa kawaida hairudishwi tena kinuni. Nyutroni za mwendo wa pole huacha plutoni 240 na 242 zikirundikana, nazo hazipasuki kirahisi.

Basi je, kinu cha maji hakiwezi kuzalisha fueli yake? Kinaweza, na jambo hili lastahili kujulikana zaidi. Kuanzia 1977 hadi 1982, kinu cha Shippingport, Pennsylvania, kilichopozwa kwa maji ya kawaida, kiliendeshwa kwa thori na urani 233. Kilitoa umeme miaka yote hiyo, na fueli yake ilipopimwa baadaye, kiasi kinachopasuka kilikuwa kimeongezeka kwa asilimia 1.39. Urani 233 ikipigwa na nyutroni ya mwendo wa pole hutoa nyutroni za kutosha kuendeleza moto na kugeuza thori kuwa urani 233 mpya. Wahandisi hawakutaka hata moja ipotee: badala ya kudhibiti kinu kwa vijiti vinavyomeza nyutroni, walisogeza sehemu ya fueli yenyewe juu na chini.

Ugumu uko kwenye kuichakata. Urani 233 huandamana na urani 232, ambayo vizazi vyake hutoa miale mikali ya gama, hivyo kila hatua ya kutengeneza fueli mpya hufanywa kwa mitambo, nyuma ya kuta nene.

Wiki ijayo: maji mazito ya Kanada na India.