Virusi vya retina: Kwa nini wengine huona tena na wengine hawaoni

RETINA ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Kazi yake ni kupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Virusi vinapouvamia, aghalabu jicho halibadiliki kwa nje wala haliumi sana. Mgonjwa huona vidoa vyeusi vikielea mithili ya mbu, au hugundua kuwa upande mmoja umeingia giza.

Virusi vinavyohusika zaidi ni vya jamii ya hapesi. Vya tetekuwanga hubaki mwilini mtoto anapopona, na miaka mingi baadaye huweza kuzuka kama mkanda wa jeshi au kushambulia jicho. Vingine huitwa saitomegalo. Watu wengi wanavyo bila kujua, lakini huharibu macho ya mtu ambaye kinga yake imedhoofika mno, hasa mwenye Ukimwi ambaye chembe zake za CD4 zimeshuka chini ya 50 kwa kila mikrolita ya damu.

Je, ataona tena? Jibu hutegemea kwanza mahali palipoathirika. Katikati ya retina pana sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo ndiyo tunayotumia kusoma gazeti na kutambua sura za watu. Ikiwa makula na mshipa wa fahamu wa jicho vimesalimika, mgonjwa huweza kubaki na uwezo mzuri wa kuona. Uvimbe na ukungu ndani ya jicho hupungua kwa matibabu, lakini sehemu ya retina iliyokufa haioti tena. Dawa kama asikloviri na gansikloviri huzuia tu uharibifu usienee.

Kwa hiyo kila siku ina thamani. Aina moja ya ugonjwa huu, iliyoelezwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1971, huua retina kwa kasi sana, na bila matibabu jicho la pili huweza kufuata baada ya wiki chache. Wapo wanaopoteza siku hizo wakinunua dawa za matone dukani. Matone hayo hayafiki kwenye retina kwa kiasi cha kutosha, na dawa za steroidi zikitumiwa bila dawa ya virusi zaweza kuzidisha madhara.

Hata virusi vikishatulizwa, hatari haijaisha. Retina iliyobaki na makovu huwa nyembamba, hutoboka, kisha hubanduka, pengine baada ya wiki au miezi. Daktari huirudisha kwa upasuaji, mara nyingi kwa kujaza jicho mafuta ya silikoni. Retina hushika, ingawa kuona kwenyewe huenda kusirudi kama zamani.

Kwa mwenye Ukimwi, kinga ndiyo huamua mengi. Isipopanda, saitomegalo hurudi pindi dawa yake inaposimamishwa. Inapopanda kwa dawa za kupunguza makali, jicho la wengine huvimba kwa ndani kwa sababu kinga imeamka. Hilo si sababu ya kuacha dawa. Ni la kumwambia daktari.

Mwenye CD4 za chini na afunike jicho moja baada ya jingine na kulinganisha anavyoona. Akiona tofauti, aende hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo, achunguzwe macho yote mawili. Mboni zitapanuliwa kwa dawa, kwa hiyo asiende akiendesha gari.