Picha za Schönberg Zilizovuka Mipaka
Wengi humkumbuka Arnold Schönberg, mtunzi aliyezaliwa Vienna mwaka 1874, kwa muziki uliowakera wasikilizaji wa zama zake. Ni wachache wanaojua jinsi alivyochorwa sana, na jinsi alivyojichora mwenyewe. Nimezichagua kazi zinazomhusu ambazo, kwa macho yangu, zimepita nyingine zote.

Yenye uchungu kuliko zote ni "Familia ya Schönberg", iliyochorwa na Richard Gerstl Julai 1908 na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la mumok, Vienna. Isogelee, utaona madonge ya rangi tu, mengine yakiwa yamepakwa kwa pupa juu ya mengine. Nyuso za baba, mama na watoto wawili karibu hazina macho. Rudi nyuma hatua chache, familia nzima inajitokeza. Gerstl alikuwa mtu wa nyumbani kwao, tena aliwafundisha uchoraji Schönberg na mkewe Mathilde. Kiangazi hichohicho Mathilde alimwacha mumewe akamfuata Gerstl. Baadaye aliporudi kwa wanawe, kijana yule alijiua, Novemba 1908, akiwa na miaka 25. Kazi zake zilikaa stoo hadi 1931. Sijui picha nyingine ya mtunzi iliyotoka kwenye mkono uliokuwa ukiibomoa nyumba uliyoichora.

Inayotisha kuliko zote ni ya Schönberg mwenyewe: "Mtazamo Mwekundu" ya Mei 1910, iliyoko Lenbachhaus, Munich. Ni kipande cha kadibodi kisichofika sentimita 35 kwa urefu. Uso umekonda, na macho mekundu yanakukodolea. Aliyeichora hakusomea uchoraji chuoni, na nadhani ndiyo maana hakujua pa kuificha hofu. Mwaka uleule alifanya maonyesho yake ya kwanza katika duka la vitabu la Hugo Heller, Vienna. Mtunzi mwenzake Gustav Mahler alinunua picha kadhaa bila kujitaja, na huo ndio ununuzi wa kiungwana zaidi katika habari hii.

Ya ajabu zaidi ni ile ya 1911, ambamo alijichora kwa nyuma, kipara na mgongo tu, akienda zake.

Isiyomwonyesha kabisa, lakini inayomsikiliza kuliko zote, ni "Impression III" ya Wassily Kandinsky. Mrusi huyo alihudhuria tamasha la kazi za Schönberg mjini Munich tarehe 2 Januari 1911, na muda mfupi baadaye akaipaka turubai wimbi la rangi ya manjano, huku piano ikiwa doa kubwa jeusi.

Nzito kuliko zote ni kaburi lake katika Makaburi ya Kati ya Vienna: mchemraba wa jiwe jeupe ulioinama upande, kazi ya mchongaji Fritz Wotruba.

Isiyotarajiwa kabisa imetoka kwa George Gershwin, bingwa wa nyimbo zilizopendwa Marekani nzima. Schönberg alikuwa amewakimbia Wanazi akahamia Los Angeles, na wawili hao walizoea kucheza tenisi pamoja. Gershwin alimchora kwa rangi za mafuta, na picha hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Gershwin alifariki Julai 1937, akiwa na miaka 38 tu, kwa uvimbe wa ubongo. Wakati wakosoaji wengi wakimwona mtunzi wa burudani tu, Schönberg alizungumza redioni akamtetea kuwa msanii na mtunzi halisi.